Somo: Kufunga rimu zenye PCD (mpangilio wa matundu ya nati) tofauti kwenye Toyota Altezza

Wadau, habari za kutwa. Tangu nibandike picha ya Altezza yangu ikiwa na rimu za Benzi, swali ni moja tu: "Kaka, umezifungaje?" Nimeona niandike somo zima, kwa sababu mara ya kwanza nilizifunga vibaya, nusura tupotee mimi na mdogo wangu.

Rimu zilikuwa za mtumba, inchi 17, nilizipata hapa hapa Tanga, Ngamiani. Muuzaji akaniambia zinaingia. Na kweli ziliingia. Fundi akakaza nati kwa spana iliyoongezewa bomba, tukashika njia ya Segera. Kufika Pongwe usukani unatetema kidogo, nikadhani ni balansi. Kabla ya Muheza nikaanza kusikia mlio kama kokoto ndani ya kopo kila nikipunguza mwendo. Nikasimama. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limepoteza nati moja, stadi ya pili (ule msumari wa uzi unaopokea nati) imekatika, na nati ya tatu niliizungusha kwa vidole viwili.

Kile kipande cha stadi ninacho mpaka leo. Pale kilipokatika pana sura mbili: upande mmoja umefifia na una mistari iliyopindana kama mgongo wa kombe la baharini, upande wa pili una chembechembe mpya zinazong'aa. Hiyo mistari ni chuma kilichokuwa kinapasuka kidogo kidogo wakati mimi naendesha. Tairi la 215/45R17 huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kilomita, kwa hiyo kutoka Tanga hadi karibu na Muheza stadi ile ilipindwa mara elfu kumi na kitu. Chuma kikipindwa hivyo huchoka, kisha hukatika bila kuaga.

Kwa nini ziliingia ilhali hazikuwa zake? Altezza ni 5x114.3, Benzi ni 5x112. Namba ya kwanza ni idadi ya stadi. Hiyo namba ya pili ndiyo PCD, kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote ya nati. Tofauti ni milimita 2.3 kwenye duara zima, yaani 1.15 kwa kila stadi. Matundu ya rimu ni mapana kuliko stadi ya milimita 12, basi rimu inapita. Lakini nati haikai kwenye kiti chake. Inaegemea ukingo mmoja. Unakaza mpaka jasho likutoke, ukadhani imebana, kumbe umepinda stadi tu. Rimu kuingia na rimu kukaa ni mambo mawili, na somo lote hili linahusu hilo la pili.

Hatua ya 1: Pima mwenyewe. Chukua vernia, kile kipimo chenye taya cha kusoma milimita. Gari la stadi nne ni rahisi: pima katikati ya stadi hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. La stadi tano halina zinazotazamana, kwa hiyo pima stadi mbili jirani, kutoka ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa nyingine, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata 58.8 hiyo ni PCD ya 100. Ukipata 65.8 ni 112, 67.2 ni 114.3, na 70.5 ni 120, ambayo ni ya BMW nyingi. Angalieni 65.8 na 67.2: milimita 1.4 tu, jicho halioni. Ndiyo maana neno la muuzaji halitoshi hata kama ni mtu mwaminifu.

Hatua ya 2: Tundu la kati na uzi. Habu, yaani kitovu cha gari ambako rimu hufungwa, kwa Altezza ina kipenyo cha milimita 60.1. Tundu la kati la rimu ya Benzi ni 66.6, la BMW nyingi 72.6. Hilo pengo lazima lizibwe kwa pete ili rimu ikae katikati. Uzi wa stadi kwa Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ni 12x1.5 (unene wa stadi, kisha nafasi kati ya uzi na uzi, kwa milimita), Nissan na Subaru ni 12x1.25. Nati ya Subaru itashika nyuzi mbili za kwanza za stadi ya Toyota, halafu itakwama. Ikikwama usiilazimishe.

Hatua ya 3: Chagua njia. Njia bora ni kuuza hizo rimu na kutafuta za 5x114.3. Nasema kwa moyo mweupe, maana Altezza ina bahati: Mark II na Mark X ni 5x114.3 vilevile. Kama moyo umeshang'ang'ania rimu zako, zipo nati ambazo koni yake, ile sehemu inayokaa kwenye tundu la rimu, inacheza. Zimetengenezwa kwa tofauti ndogo kama hii ya 112 na 114.3, hazifai kwa tofauti kubwa.

Mimi nilitumia adapta. Ni sahani nene ya alumini inayofungwa kwenye habu kwa stadi za gari, nayo ina stadi zake zinazopokea rimu. Nunua iliyochongwa kwa alumini ya 6061-T6 au 7075-T6, yenye ukingo unaokaa kwenye habu ya 60.1 na ukingo wa nje wa 66.6. Isiyo na ukingo iacheni dukani.

Kuziba matundu kwa kulehemu na kutoboa upya siungi mkono. Alumini ya rimu hupata nguvu yake kwa kupikwa kiwandani, na moto wa kulehemu unaiondoa pale pale panapobeba mzigo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya ofseti. Ofseti ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaogusa habu. Nyuma ya rimu pameandikwa ET na namba, ndiyo hiyo. Adapta hupunguza ET kwa unene wake. Rimu ya upana wa inchi 7.5 ET37 ukiiwekea adapta ya milimita 20 inakuwa ET17. Kama rimu ya zamani ilikuwa 7.0 ET50, basi ukingo wa nje unasogea karibu sentimita 4. Fenda itakula tairi kwenye kila tuta, beringi itabeba mzigo mbali zaidi na ilivyopangiwa, na usukani utakupokonya ukikanyaga shimo. Mimi ilinibidi nitafute rimu zenye ET kubwa zaidi ya zile za kwanza. Hesabu hii ifanyike kabla ya kutoa hela.

Hatua ya 5: Kufunga. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, na alumini ikigusana na chuma penye chumvi hugandana. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wa habu peke yake. Usipake kwenye uzi wala kwenye kiti cha nati.

Vaa adapta na kaza nati zake. Weka rula juu ya uso wa adapta: nati wala ncha ya stadi ya gari isitokeze. Stadi ikitokeza, hakikisha nyuma ya rimu pana mfuko wa kuipokea. Bila mfuko huo rimu itaegemea ncha za stadi badala ya adapta, na utarudi kwenye hadithi yangu ya Muheza.

Halafu rimu. Angalia kiti cha nati: kuna cha koni, kuna cha mviringo kama bakuli, kuna cha bapa chenye washa. Benzi hutumia mviringo, nati nyingi za madukani ni koni. Nati ilingane na kiti. Zungusha kwa mkono kwanza. Kwa uzi wa 1.5 uhesabu mizunguko isiyopungua 8 kabla haijagota.

Hatua ya 6: Mkazo. Toyota hii inataka 103 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo). Kaza kwa mtindo wa nyota, yaani kwa kuruka nati badala ya kufuata jirani, gari likiwa kwenye jeki kwa nguvu kiasi, kisha lishushe umalizie. Ambaye hana spana ya kupimia mkazo: chukua spana ya urefu wa nusu mita toka katikati ya nati, ilaze sambamba na ardhi, ning'iniza mwishoni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Maji na ndoo ni kama kilo 21, na hiyo ndiyo 103 Nm. Ndoo ikishuka polepole ikasimama, nati hiyo tayari.

Baada ya kilomita 80 hadi 100 rudia, za rimu na za adapta. Ndiyo, ni kufungua rimu tena. Fungua.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nina Impreza ya 5x100, nimepata rimu za 5x114.3. Fundi wangu anasema atapanua matundu yawe mayai.*
Marahaba. Mkatalie. Kila stadi itakuwa nje kwa milimita 7.15, hapo hakuna kiti kitakachobaki. Impreza STI za kuanzia 2005 zina habu za 5x114.3, wengi hubadili habu nzima. Ni ghali, ila ni kazi safi.

*Kaka, pete ya plastiki au alumini?*
Kwa Tanga nachukua plastiki. Ya alumini hugandia kwenye habu kwa chumvi, kuitoa mpaka nyundo. Mzigo haubebwi na pete, kazi yake ni kuweka rimu katikati wakati unakaza.

*Mimi dada wa Chumbageni. Gari linatetema kwenye 80 hadi 90, nimebalansi mara mbili.*
Pole dada. Pandisha gurudumu kwa jeki, simamisha kijiti karibu kabisa na ukingo wa rimu, kisha zungusha kwa mkono. Pengo likipanuka na kusinyaa, rimu haiko katikati au imepinda. Toa rimu, ipime bila tairi. Ikiwa nzima, tatizo ni pete au adapta.

*MX-5 ya zamani, 4x100, naweza kuvalisha rimu za Vitz?*
PCD inalingana, tundu la kati 54.1 linalingana, uzi 12x1.5 unalingana. Kilichobaki ni ET, upana, na nafasi ya kalipa ya breki. Ivalishe bila tairi kwanza, izungushe taratibu, sikiliza kama inagusa.

*Na adapta zako umeshapanda nazo Lushoto?*
Mara mbili. Kila mara nilikagua nati Mombo kabla ya kuanza kona, na nilipofika juu nikagusa habu kwa mgongo wa kiganja kulinganisha joto la kushoto na kulia. Zilikuwa sawa.