Basi ya Mombasa na sukari yako

Kama uko na kisukari na unatoka Nairobi kwenda Mombasa na basi, insulini usiweke kwa buti, huko chini joto itaiharibu, beba kwa mkoba wako, iweke kwa kikopo uzungushie kitambaa kilichoroweshwa, ila isigusane na barafu. Mashine ya kupima nayo ikae karibu.

Basi ikisimama njiani Mtito Andei watu hukimbilia chipsi (hata mimi nilikuwa hivyo), siku hizi nabeba mayai mawili ya kuchemsha, njugu na kipande cha nduma. Ukianza kutetemeka na kutoa jasho pima haraka, sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L kunywa nusu ya soda ya mililita 300, ile ya sukari kabisa, ngoja dakika 15 upime tena.