Kuzungushia Kadibodi Picha Uliyoichapa kwa Mkono

Picha ya buluu iliyochapwa juani kwa sayanotaipu, njia aliyoivumbua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, haifai kuvalishwa kadibodi yoyote tu ya kuizungushia inayokuja na fremu. Iweke mezani karibu na dirisha, kisha uilinganishe na vipande viwili vitatu vya kadibodi, kwa maana kadibodi iliyo nyeupe kuliko karatasi ya picha huifanya picha ionekane chafu.

Uamuzi mkubwa ni wa kingo. Dawa ya kuchapia ikipakwa kwenye karatasi kwa brashi huacha michirizi pembezoni, na wapo wanaoifunika kwa kukata katikati ya kadibodi uwazi mdogo kuliko picha. Mimi huiacha ionekane, kwa sababu hiyo ndiyo alama ya mkono ulioitengeneza. Katika picha yangu ya mtumbwi wa tanga pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mchirizi mmoja umetoka chini ya mtumbwi kama wimbi, na nisingekubali kuuficha.

Picha hiyo ya wima, ya sentimita 20 kwa 25, niliipa kadibodi ya 40 kwa 50 yenye uwazi wa 22 kwa 27. Pembeni zilibaki sentimita 9 kila upande, juu 10.5 na chini 12.5, kwani nafasi za juu na chini zikilingana, jicho huiona picha kana kwamba imeshuka. Kata kwa upande wa nyuma, kwa rula ya chuma na wembe mpya.

Kadibodi bora hutengenezwa kwa pamba, zao tunalolijua vizuri huku Kanda ya Ziwa, na isiwe na asidi. Hata hivyo, kwa sayanotaipu epuka ile iliyoongezewa kalsiamu kaboneti, kwa kuwa hiyo ni alkali, na alkali huififisha buluu.

Usiigundishe picha pande zote. Niliwahi kufanya hivyo, na masika yalipoingia karatasi ikavuta unyevu, ikakosa pa kutanukia, ikajikunja katikati. Ishikilie kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba upande wa juu, kwa gundi ya wanga wa ngano, kamwe si kwa selotepu. Kioo nacho kisiiguse picha. Unene wa kadibodi ndio unaovitenganisha.

Itundike mbali na jua la dirishani. Ikififia kwa mwanga, iweke gizani kwa siku kadhaa, na sehemu ya buluu yake itarudi.