Kabla hujasimama kuongea kwenye mkutano wa kijiji, jiandae hivi

Nianze na yaliyonikuta. Mara ya kwanza nasimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji huku kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, nilikuwa na hasira za mwaka mzima, nikaongea maji, nikarukia barabara, nikagusa bei ya mbolea, nikarudi tena kwenye maji, miguu inatetemeka na mdomo umekauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Watu walinipigia makofi, mwenyekiti akasema asante tumekusikia, nikakaa. Baada ya wiki kama mbili nikaenda ofisini kuomba kuona muhtasari, nikakuta mstari mmoja tu, kwamba mjumbe mmoja alizungumzia changamoto mbalimbali. Iliniuma sana, maana mama zetu walikuwa wanabeba ndoo kila alfajiri na mimi ndiye nilikuwa mdomo wao siku ile.

Kwahiyo siku hizi kijana au mama akiniambia anataka kwenda kuongea ila anaogopa, namuuliza kwanza, mkutano ukiisha unataka kwenye muhtasari kiandikwe nini? Wengi wanakaa kimya hapo. Basi kaa chini uandike sentensi moja yenye kitu unachotaka, nani akifanye, na lini. Mfano, "Tunaomba mkutano uazimie bomba la kitongoji chetu litengenezwe kabla ya mwezi wa nane, na kamati ya maji ilete taarifa mkutano ujao." Hiyo ishike kichwani kabisa, yaani hata ukiamshwa usiku wa manane uiseme. Woga mwingi unatokana na kusimama bila kujua unaelekea wapi, ukishakuwa na sentensi yako, hata yote mengine yakipotea mbele za watu unaisema hiyo, unashukuru, unakaa, na kazi imefanyika.

La pili ndilo watu wengi hawalijui na linawaangusha. Hoja yako iingie kwenye ajenda mapema. Ukisubiri mpaka "mengineyo" inakuwa saa tisa, mvua inanukia, nusu ya watu wameshaenda kukata majani ya ng'ombe, na aliyebaki anataka ufupishe. Nenda kwa mtendaji wa kijiji siku kadhaa kabla, pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji chako ili asije akaona umemruka, mweleze kwa heshima na uombe iandikwe. Usiende kinyonge. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa ukae angalau kila baada ya miezi mitatu, na ndio wenye kauli ya juu kijijini. Ukisimama pale hujaomba fadhila kwa mtu, upo kwenye kikao chako. Mimi kulijua hili tu kulinipunguzia kutetemeka kuliko ushauri wowote wa kujiamini niliowahi kupewa.

Alafu tafuta kitu ambacho watu watakiona. Watu wa mbali wakisikia Rungwe tunalia maji wanashangaa, si mvua inanyesha huko karibu mwaka mzima? Ni kweli inanyesha, ila mto upo chini bondeni na nyumba zipo juu, kwahiyo unashuka mtupu unapanda na mzigo kwenye utelezi. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20, bado hujapima dumu lenyewe. Mama mmoja wa kitongoji chetu alikuja nalo mkutanoni limejaa, akaliweka mbele ya meza, akamwomba mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji alinyanyue mpaka begani, alafu akasema "hili mwanangu wa darasa la nne analipandisha kabla ya kwenda shule." Palikuwa kimya kabisa. Hakuongeza sifa wala lawama, akataja umbali aliopima mwenyewe kwa hatua na kukumbusha kwamba Sera ya Maji ya 2002 iliweka mita 400 kama umbali wa mwisho wa mwananchi wa kijijini kufuata maji. Akasema ombi lake akakaa. Nadhani hazikufika dakika nne. Na wewe tafuta dumu lako, kama hoja ni zahanati au chakula cha wanafunzi shuleni kitakuwa kitu kingine, ila kiwepo. Namba mbili tatu zinatosha, ukileta kumi zitakukanyaga mwenyewe.

Kama hoja inagusa hela, chunga ulimi. Usimtaje mtu kwamba amekula kama huna ushahidi mkononi, omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe, hiyo ni haki yenu na haimdhalilishi mtu, na mwenye kosa atajulikana humo humo.

Kuhusu mwili wenyewe, moyo kwenda mbio na mikono kutoka jasho ni adrenalini, mwili unajiandaa kama vile kuna hatari. Haimaanishi huwezi. Kinachosaidia ni kuvuta pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi ya ulivyoivuta, mara tano sita ukiwa bado umekaa, hakuna atakayejua. Uwe na maji ya kunywa. Kahawa au chai ya rangi kali asubuhi hiyo iache kama moyo wako ni mwepesi. Na kama ni mwezi wa sita au wa saba vaa sweta, baridi la huku linatetemesha hata jasiri na ukishaanza kutetemeka kwa baridi akili inadhani ni woga. Karatasi yako ibandike ndani ya daftari gumu, maana karatasi moja mkononi inapepea na kila mtu anaona.

Mazoezi fanya kwa sauti, kusoma kimoyomoyo hakuhesabiki. Ongea ukiwa shambani, alafu mwambie shangazi au bibi yako akusikilize, umwulize amesikia unaomba nini. Akijibu tofauti na sentensi yako, rekebisha maneno, usimlaumu yeye. Kuna wazee ambao Kiswahili cha ofisini kinawapita pembeni, ukisema "miundombinu" wanaacha kusikiliza, sema bomba, sema mtaro. Ukimalizia na ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa cha huku kwetu, utaona nyuso zinavyofunguka, na kama upo Iringa au Njombe anza na kamwene, salamu yao.

Zungumza pia na watu watatu au wanne mapema wakuunge mkono, mmoja awe mzee anayeheshimika na mmoja mama, maana akina mama mara nyingi wanakaa pembeni na wanapewa nafasi mwishoni. Jiandae na swali gumu, lipo tu, mara nyingi ni "hela itatoka wapi". Kama jibu huna sema hilo sijalifuatilia, nitalileta mkutano ujao, na ulilete kweli.

Siku yenyewe wahi. Simama pale utakapoongelea kabla watu hawajajaa, ongea kidogo na aliyekaa nyuma kabisa, muulize kama anakusikia. Na kalamu usiisahau, maana ukimaliza kuongea kichwa kinakuwa chepesi na unasahau kila kitu, ukikaa tu andika kilichoazimiwa, nani kapewa, na tarehe waliyotaja, alafu kabla hujaondoka muombe mtendaji akusomee alivyoandika yeye.