Alamanda ndani ya kivungulio Nairobi: usipike hewa, pasha mchanga

Mombasa alamanda hujaza ua maua ya manjano bila kubembelezwa. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na mmea hununa. Ndiyo maana tunautunza ndani ya kivungulio, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea.

1. Kata vipandikizi vya sentimita 12 hadi 15, chini kidogo ya kifundo (pale jani linapoota), kwenye tawi linalopindika lakini si teketeke. Bakisha majani ya juu tu. Vaa glavu: utomvu mweupe huwasha ngozi na ni sumu ukimezwa. Suuza ncha mpaka utomvu uache kutiririka.

2. Otesha mizizi. Hapa ndipo vipandikizi vingi hufia, na kosa si la dawa ya mizizi. Mchana hewa ya kivungulio hufika nyuzi 30 huku mchanga ukiwa 16. Majani yanaendelea kupoteza maji, chini hakuna kinachoota, na baada ya wiki tatu shina ni jeusi. Basi pima mchanga, si hewa: chomeka kipimajoto sentimita 5 alfajiri. Lengo ni 21 hadi 24.

Joto la bei nafuu ni samadi mbichi ya farasi, pamoja na nyasi zake za kulalia. Ilundike sentimita 30, ilowe, ikanyage. Usipande papo hapo: siku za kwanza huchemka kiasi cha kuunguza mizizi na kutoa amonia inayokereketa macho. Ikishuka chini ya 28, weka juu yake trei ya mchanga wa mto uliooshwa, uchomeke vipandikizi humo. Ya ng'ombe inafaa pia, ila haipati joto jingi kama ya farasi. Jiko la makaa lisiingie kamwe ndani. Gesi yake ya sumu, isiyoonekana wala kunuka, huua mtu kabla ya mmea kunufaika.

Funika kila trei kwa chupa za maji za lita 5 zilizokatwa vitako, vifuniko wazi mchana. Fumbata mchanga: ukichuruzisha maji, umezidisha. Wala usiking'oe kipandikizi kuchungulia. Jani jipya, wiki ya 4 hadi ya 6, ndilo jibu. Asiye na samadi angoje Oktoba.

3. Hamishia chungu cha lita 10: udongo mwekundu sehemu 2, samadi iliyooza 1, mchanga 1. Udongo mweusi wa mfinyanzi, hapana.

4. Alamanda haijishikilii yenyewe. Ifunge kwenye waya kwa kamba ya mkonge, kitanzi kilegevu cha umbo la 8. Waya wa kufungia nondo hukata gome.

5. Mwagilia maji ya mvua ukiweza. Ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana magadi. Jani huwa manjano, mishipa ikibaki kijani, kwa kuwa mmea haufyonzi chuma.

6. Pogoa mwishoni mwa Agosti, bila huruma: maua huja kwenye chipukizi jipya. Kagua inzi weupe chini ya majani, na nyunyiza maji ya sabuni jioni, jua likishatua.