Kumfundisha Mtoto Mtu Mzima Kubadilisha Pedi za Breki za Mbele

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsimamia binti yangu, mwenye kazi yake na Toyota Vitz yake, alipobadilisha pedi za mbele kwa mara ya kwanza. Sharti kwa mzazi ni moja: spana ishikwe na mtoto tangu mwanzo hadi mwisho, nawe uongoze kwa mdomo tu, kwa sababu anayetazama mikono ya baba yake hujifunza kushika tochi.

Hatua ya 1. Alegeze nati gari likiwa bado chini, aweke mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, ndipo apige jeki na kulikalisha gari juu ya stendi. Matofali ya saruji siyakubali, maana hupasuka ghafla.

Hatua ya 2. Avue gurudumu, afungue bolti ya chini ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), ainue kalipa hiyo na kuchomoa pedi kuukuu.

Hatua ya 3. Arudishe pistoni, yaani kipande cha mviringo ndani ya kalipa kinachosukuma pedi. Pedi mpya ni nene kuliko zilizolika, hivyo pistoni iliyosogea nje lazima irudi ndani. Kwanza afungue kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, kwa kuwa mafuta yanayosukumwa hupanda huko, na kama kuna aliyejazia wakati pedi zimelika, yatafurika na kubabua rangi ya gari. Ayapunguze kwa bomba la sindano. Kisha aweke pedi kuukuu juu ya pistoni na kuibana taratibu kwa klempu. Bisibisi siitaki hapa hata kidogo, kwani huchana mpira wa kuzuia vumbi, na mpira ukichanika, maji na mchanga huingia na pistoni hushika kutu. Pistoni ikigoma, asiongeze nguvu, bali alegeze nipeli ya kutolea upepo: ikirudi kwa urahisi, mara nyingi hozi imeziba ndani, isiporudi, pistoni yenyewe imeganda. Vyovyote iwavyo, akiishafungua nipeli hiyo, ni lazima breki zitolewe upepo. Magari yenye diski nyuma ni habari nyingine, kwani mengi pistoni zake za nyuma hurudi kwa kuzungushwa.

Hatua ya 4. Apake grisi ya breki kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake, afunge pedi mpya, arudishe kalipa na gurudumu, ahamie upande wa pili.

Hatua ya 5. Kabla gari halijasogea, akanyage pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa maana mikanyago ya kwanza huzama hadi sakafuni. Aongeze mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha ajaribu breki polepole mahali pasipo na watu.