Pikapu ya Kwanza ya Fowili Iliyotumika: Ikague Kuanzia Chini

Wengi wanaonifuata gereji wakitaka fowili, yaani gari la porini linalovuta kwa tairi zote nne, huanza na jina. Hilux au Land Cruiser? Patrol je? Na Defender? Ni swali zuri la kijiweni, ila kwa pikapu yenye miaka 20 jina lina uzito mdogo kuliko mtu aliyeiendesha kabla yako. Hilux iliyobeba matofali kupita kiasi miaka kumi si Hilux tena, ni nembo tu iliyobaki mlangoni.

Mimi hushughulika na magari ya safari na ya mashambani hapa Arusha, na nikipeleka mteja kuangalia gari, bodi na redio huwa ninaviacha mwisho kabisa. Injini ikifa, utapata nyingine au utaifanyia ukarabati. Chesisi ikioza, hakuna duka la spea litakalokusaidia. Ndiyo maana mpangilio wa hatua zifuatazo unaanzia chini na kupanda juu.

Hatua ya 1: Jua unakokwenda

Barabara ya vumbi ya kwenda shamba, hata iwe na makorongo, haihitaji gari sawa na udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, wala mchanga na mawe ya njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron. Ukishajua njia yako, jiulize pia utabeba nini. Mtu na mkewe na hema wanatosha kwenye dabo kebini. Mwenye mizinga ya nyuki au magunia ya viazi atafute singo kebini, maana bodi lake la nyuma ni refu.

Jambo moja halina mjadala: gari liwe na gia nzito, yaani ile 4L kwenye mti wa pili wa gia, na liwe limejengwa juu ya chesisi inayojitegemea, isiyoungana na bodi. RAV4, Harrier na X-Trail ni magari mazuri, lakini hayana hiyo 4L. Kwenye mteremko mkali wa mawe huko Lushoto utabaki umekanyaga breki mpaka zinuke.

Hatua ya 2: Chagua injini kabla ya kuchagua rangi

Kwa gari la kwanza, napendelea dizeli ya zamani isiyo na turbo wala kompyuta nyingi. Hilux zenye injini ya 3L (lita 2.8) au 5L (lita 3.0) ni za polepole mno, lori la mchanga litakupita mlimani, lakini fundi wa Karatu na fundi wa Ifakara wote wanazijua. Ile Hilux ya LN106, ya mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1997, ina ekseli nzima mbele na springi za vyuma bapa. Inarusha abiria kama gunia, na inavumilia.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ndizo zinazobeba watalii wengi huku kwetu. Kuanzia 1999 zilipata springi za koili mbele, kwa hiyo ni laini kidogo. Ubaya wake ni bei. Patrol yenye injini ya TD42 ni mbadala mzuri usiosifiwa sana. Taiming yake ni ya gia, haina belti ya kukatika. Za 3L, 5L na 1HZ zina belti, na hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji akikosa kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, hesabu kuwa haijabadilishwa.

Nikitahadharisha kuhusu injini moja, itakuwa 1KZ-TE, ile turbo ya lita 3.0 iliyo kwenye Surf na Prado nyingi. Ina nguvu, ila ikichemsha mara moja vibaya silinda hedi hupasuka. Hilux za kuanzia 2005 zenye injini za D-4D zina nguvu na hazinywi sana, lakini nozeli zake (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) hazitaki dizeli chafu. Kama safari zako zitakulazimu kununua mafuta ya kwenye madumu kijijini, fikiria mara mbili, au ufunge chujio la ziada la kutenga maji.

Defender? Kama una fundi wa Land Rover mtaani kwako na moyo wa subira, haya. Bodi lake ni la aluminiamu, chesisi yake ni ya chuma cha kawaida na inaoza kama nyingine zote.

Hatua ya 3: Karatasi kabla ya safari

Omba picha ya kadi ya gari kabla hujapanda basi kwenda kuliona. Ukifika, linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Toyota nyingi za aina hii iko upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Futa tope kwa kitambaa, usome kila tarakimu kwa tochi. Tarakimu zilizopinda, au sehemu iliyosagwa kwa grainda, ni sababu ya kuondoka bila kuaga. Namba ya injini nayo iangalie, maana injini za kubadilishwa ni nyingi, na zisipoandikishwa upya TRA utahangaika wewe siku ya kuhamisha umiliki. Angalia na madeni ya faini za trafiki kwa namba ya usajili.

Hatua ya 4: Lala chini ya gari

Nenda asubuhi, jua likiwa zuri, na umwambie muuzaji mapema asiliwashe gari. Beba tochi, nyundo ndogo, sumaku iliyofungwa kitambaa, spana ya 24, jeki, na kipande cha boksi cha kulalia. Vaa nguo za kazi. Ukienda na shati jeupe hutalala chini, utazunguka gari mara tatu, upige tairi teke, kisha utoe pesa.

Kabla ya kuingia chini, simama pembeni utazame nafasi iliyo kati ya kebini na bodi la nyuma. Iwe sawa juu na chini. Ikiwa juu imeachia zaidi kuliko chini, chesisi imekunja mgongo kwa kubebeshwa mizigo. Tazama pande zote mbili. Hili halihitaji kifaa chochote, na limeokoa pesa za watu wengi kuliko mashine za kupimia.

Sasa ingia chini. Gonga chesisi polepole kwa nyundo, kuanzia mbele kwenda nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima hulia wazi. Chuma kilichooza kwa ndani hutoa sauti iliyokufa, na magamba ya kutu huanza kudondoka usoni (funga macho). Tumia muda mrefu sehemu hizi: panaposhikiliwa springi, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye vibao vinavyoshika kebini. Kwa Defender ongeza mhimili wa nyuma kabisa, ndio unaotangulia kwenda.

Ukikuta chini pote pamepakwa rangi nyeusi mbichi au oili chafu, uliza kwa nini. Wakati mwingine ni mmiliki anayejali. Mara nyingi ni mtu anayeficha uchomeleaji. Kwaruza kidogo kwa ukucha wa nyundo. Mistari ya welding yenye mabonge chini ya rangi inajieleza yenyewe.

Historia ya mahali gari lilipoishi ina maana kubwa hapa. Pikapu ya Dodoma au Singida huwa kavu chini hata kama bodi limechubuka. Ya Mtwara, Tanga au Bagamoyo imepigwa na upepo wa chumvi. Mbaya kuliko zote ni pikapu zilizokuwa zikibeba samaki wa baharini: maji ya barafu yenye chumvi huchuruzika kila siku kwenye chesisi, sehemu zilezile. Na msidanganyike na gari lililotumika linaloshuka sasa hivi kutoka Japani. Mikoa yake ya theluji, Hokkaido kwa mfano, humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, kwa hiyo gari linaweza kushuka bandarini likiwa na viti vinavyonukia upya na chini pamekwisha.

Hatua ya 5: Difu na ekseli

Omba ruhusa ufungue kizibo cha juu cha difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), kile cha kujazia oili. Kwa Toyota nyingi ile spana ya 24 inatosha. Chovya kidole. Oili nyeusi yenye ute wa kijivu ni ya kawaida kwa difu la zamani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia mtoni na hakuna aliyeyatoa. Bearingi zimeanza kuliwa. Vipande vya chuma unavyovihisi kati ya vidole ni bei ya difu, toa kwenye ofa yako au ondoka. Fanya hivyo mbele na nyuma. Muuzaji akikataa katakata kufunguliwa kizibo, umeshajibiwa.

Kwa gari lenye ekseli nzima mbele, angalia yale matufe ya chuma nyuma ya tairi. Grisi nzito kidogo ni sawa. Ikitiririka nyepesi kama supu, oili ya difu imevuka sili ya ndani na kuichanganya. Halafu nyanyua tairi moja kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, kuna bearingi au kingpini ya kubadilisha. Shika na propela uizungushe kushoto na kulia. Krosi, yaani viungo vyake, zikigonga kidogo si kesi kubwa, ni spea za bei nafuu.

Hatua ya 6: Injini ikiwa baridi

Gusa boneti kwanza. Likiwa la moto wakati uliomba lisiwashwe, kuna kitu kinafichwa. Fungua mfuniko wa rejeta (injini ikiwa baridi tu!) utazame: maji ya kutu au utando wa mafuta ni dalili mbaya. Washa. Moshi mweupe dakika ya kwanza kwenye dizeli baridi ni plagi za kupasha zilizochoka. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Mweusi mzito unapokanyaga ni chujio la hewa au nozeli. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua, ni hedi.

Kisha fungua mfuniko wa oili injini ikinguruma. Mvuke mdogo ni wa kawaida. Pumzi inayorusha mfuniko juu ni ringi zilizokwisha.

Hatua ya 7: Fowili ijaribiwe, isisimuliwe

“Fowili ipo bosi, ila huwa hatuitumii.” Hii sentensi utaisikia kila yadi. Gari ambalo fowili yake haijaingizwa miaka mitano mara nyingi lina hab zilizoganda, yaani vile vifungio vya katikati ya tairi za mbele vinavyoziunganisha na ekseli.

Nenda kwenye udongo au changarawe, si lami. Fowili za Hilux, Patrol na Land Cruiser za mfululizo wa 70 hazina difu la katikati, kwa hiyo ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka sawa, ilhali kwenye kona tairi za mbele husafiri mbali zaidi. Kwenye udongo tairi huteleza na kupata nafuu. Kwenye lami huo mvutano unaishia kwenye transfa, ile gia boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Funga hab zote mbili kwenye LOCK kwa mkono wako, usitumie koleo. Ingiza 4H (fowili ya gia nyepesi), kata usukani mpaka mwisho, tembea taratibu. Ukihisi gari linakaza na kugoma kona, basi mbele kunavuta. Hiyo ni habari njema. Lisipobadilika kitu, fowili haifanyi kazi, taa ya dashibodi iseme itakavyo. Simama kabisa, ingiza 4L, gia ya kwanza, achia klachi bila kukanyaga mafuta. Gari litambae lenyewe kupanda kilima. Literemshe vivyo hivyo bila breki, ukikanyaga na kuachia mafuta mara kadhaa. Mti wa gia ukiruka wenyewe kurudi N, transfa imechoka.

Kama lina difloki ya nyuma, ile inayofunga difu ili tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, bonyeza swichi: taa hupepesa, kisha hutulia baada ya kutambaa mita chache. Ikipepesa milele, mota yake au waya zimeoza.

Hatua ya 8: Bei, na pesa ya kubakiza

Mwambie dalali ulichokikuta, kimoja kimoja, bila ukali. Usimalize bajeti yote kwenye gari. Mimi humwambia mteja abakize angalau robo, kwa sababu siku ya kwanza tu atabadilisha oili ya injini, gia boksi, transfa na difu zote mbili, vichujio, na belti ya taiming. Hosi za rejeta nazo zisisahaulike.

Pesa ya pili iende kwenye tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nene lakini lina miaka kumi litapasuka kwenye mawe. Nunua na pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye betri, kwa sababu kwenye mchanga utashusha upepo hadi kama psi 18, na lazima uupandishe kabla ya kurudi lami.

Kunyanyua gari, winchi na taa za juu vingoje. Liendeshe kama lilivyotoka kiwandani msimu mmoja wa mvua, ulijue linakwama wapi. Na ukirudi kutoka safari ya kwanza ya vumbi, kaza yubolti za springi kabla hujaliosha, kisha fungua tena kizibo cha difu uangalie rangi ya oili mpya.