Pikapu ya mazutu kwa kazi ya huku Bukavu: angalia hivi mbele ya kutoa makuta

Komisionere akikuuliza unatafuta marke gani, usijibu kwanza. Mwambie njia. Gari itakuwa inatoka Nyawera mpaka Kavumu na kurudi, ama itapanda Walungu, Burhale, Mwenga mpaka Kamituga wakati wa mvua na mizigo juu? Hizo ni gari mbili tofauti kabisa, hata kama zote zinaitwa pikapu na zote ziko katre-katre.

Kitu cha pili ni mazutu. Ukiisha kuacha mji, siku moja utanunua mazutu ya bidoni kwa bakadhafi wa kando ya barabara, na ndani mule kuna maji, kuna vumbi, wakati mwingine kuna petroli ya kuchanganya. Moteri za pompe ya mekanike zinavumilia mambo mengi ya namna ile, njo maana 1HZ ya Land Cruiser (lita 4,2, silinda 6, haina turbo) watu hawaiachi mpaka leo, na mekanisye wa kijijini anaifungua bila kompyuta. Moteri za common rail (zenye kompyuta njo inafungua injekteri) kama D-4D za Hilux zinapiga mazutu kwa presha ya zaidi ya bar 1.000, injekteri zake ziko na matundu madogo sana, maji kidogo tu na zinaharibika, na bei ya injekteri 4 mpya uliza kwanza mbele ya kupenda gari.

Lakini tusidanganyane, 1HZ iko polepole. Bukavu tuko mita 1.500 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moteri bila turbo inapoteza karibu 10% ya nguvu kila mita 1.000, kwa hiyo hata mbele ya kupakia umeshapoteza 15% hivi. Kwa karatasi 1HZ iko na Nm 285 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuvuta), Hilux mpya ya 2.8 inafika 500, na kwa mlima utaisikia hiyo tofauti. Mimi nasema hivi: kazi ya mjini na ya lami, chukua turbo, weka filtre ya pili yenye kutenga maji, uwe unaimwaga maji mara kwa mara na ujaze tanki kwa stasio yenye unajua. Kazi ya Kamituga, chukua pompe ya mekanike na uwe na subira kwa mlima.

Pikapu zenye kutoka Ulaya za miaka hii, jihadhari na FAP, ile filtre ya moshi kwa eshapma. Inataka mazutu yenye sufuri kidogo sana na safari ndefu za mwendo mzuri ili ijichome yenyewe, huku kwa matope na amboteyaji itaziba tu, halafu moteri inakataa nguvu.

Sasa kuvuta. Watu wanasoma "tani 3,5" kwa Hilux ya 2.8 wanafurahi, lakini ile ni rimoki yenye freni zake yenyewe, rimoki bila freni ni kilo 750 basi. Na zaidi ya hapo, huwezi kujaza bene mpaka mwisho NA kuvuta mpaka mwisho, kuna uzito wa jumla wa gari na rimoki pamoja, uko ndani ya kitabu cha gari. Kuna tena ule uzito wenye rimoki inalalia kwa kroshe, karibu 10%, rimoki ya tani 2 inakuwekea kilo 200 nyuma, ile ni mifuko 4 ya simenti umeshapakia bila kuiona. Dabo kabine nayo ukipandisha watu 5 ni kilo 350, mifuko mingine 7, kwa hiyo kama kazi yako ni mizigo chukua sempo kabine, bene yake ni ndefu pia, familia itapanda taksi siku ya misa. Na kupanda si shida kubwa kama kushuka: ukishuka mlima wa Ngomo, njia ya Uvira, na rimoki, tia vitesi ndogo mbele ya kuanza mteremko, moteri njo ishike gari, freni ukizikanyaga muda wote zitachemka na zitakuacha katikati.

Kwa matope tafuta vitesi fupi (4L) yenye inaingia kweli, na blokaje ya nyuma (ile inafunga mipira miwili ya nyuma izunguke pamoja) kama iko. Ijaribu kwa udongo, si kwa lami, kwa lami kavu katre-katre ya namna hii inajikaza yenyewe. Volani ya kuume inapunguza bei lakini sisi tunatembea kuume, kupita kamio utakuwa unapita bila kuona.

Siku ya kuangalia, mwambie muuzaji asiwashe gari asubuhi, uifikie moteri ikiwa baridi, shika kapo kwa mkono. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri inaungua, mweupe wenye hauishi ni injekteri ama joint de culasse (ile ya kuziba kati ya kilasi na bloki ya moteri), mweusi mwingi ni mazutu inazidi ama hewa haifiki. Fungua kizibo cha mafuta ya moteri wakati moteri inatembea, ikipuliza kwa nguvu basi pistoni na segma zimechoka. Uliza kuroa ya distribisyo (ule mkanda wa kuzungusha supapu) ilibadilishwa lini, 1HZ iko nayo, na 1KD na 2KD, zile D-4D za Hilux za zamani, pia. Halafu lala chini, wengi hawapendi kuchafua shati, angalia shasi pale resori za nyuma zinafungiwa, kama kuna sude mpya na rangi mbichi gari ilibeba zaidi ya nguvu yake. Nimero ya shasi ilingane na kadi ya rozi, herufi kwa herufi. Na mekanisye, uje naye wako, usikubali yule mwenye komisionere amekuja naye.